Matangazo ya kazi za maabara za vyuo yaseme mshahara na mkataba unaisha lini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu hivi karibuni kwamba vijana waliosoma biolojia ya molekyuli na bayoteknolojia wanachagua kazi, wanataka mshahara mnono kabla hata hawajajua kushika pipeti, kile kifaa cha mkononi cha kupimia matone madogo. Mi nafanya kazi hizo hizo, nipo maabara ya utafiti hapa Moshi, nilianzia chini kabisa na sa hivi ndo mimi napokea wageni na kuwafundisha, kwahiyo naomba nijibu, na naomba nijibu kwa urefu kidogo mana hii ishu watu wengi wanaiongelea bila kuwahi kuvuka mlango wa maabara.

Kwa ninavyoona mimi tatizo lipo kwenye tangazo lenyewe la kazi. Matangazo ya maabara za vyuo huku kwetu hayasemi mshahara, hayasemi mkataba unaisha lini, na hayasemi mtu anaenda kufanya nini kwa mkono wake. Na nafasi nyingine hazitangazwi kabisa, zinajazwa kimya kimya na mtu anayejuana na mtu. Hilo likirekebishwa mambo mengi yatakaa sawa, na wala halihitaji hela mpya ya mfadhili yeyote.

Ngoja kwanza nieleze kazi yenyewe, mana watu wakisikia maabara wanafikiria ile ya hospitali, unatolewa damu, unakaa kwenye benchi, unaitwa unapewa majibu. Ya utafiti wa vinasaba ni kazi nyingine. Chukulia siku ya kawaida tu. Asubuhi unatoa sampuli za damu kwenye friza, unaziacha ziyeyuke taratibu, unavunja seli kwa dawa na enzaimu, unasafisha, unasafisha tena, mpaka ubaki na DNA peke yake kwenye kichupa. Afu unaandaa mchanganyiko wa PCR, hii njia ya kuzidisha DNA aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 mpaka akapewa Nobel mwaka 1993. Mashine inapandisha joto mpaka nyuzi 95 ili pande mbili za DNA ziachane, inashusha kwenye 55 au 60 ili praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia, zishike, inapanda tena mpaka 72 enzaimu ijenge, inarudia hivo mara 30 mpaka 40. Hiyo mashine inafanya yenyewe. Ugumu uko kwenye mkono wako kabla hujaifunga. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, yani mikrolita 5,000, na sisi tunapima mikrolita 2 za DNA, unaziweka kwenye kishimo kimoja, sahani moja ina vishimo 96, na kila kishimo ni damu ya mtu mwingine. Ukipokea simu ukasahau umefika safu ya ngapi, majibu ya mtu wa Siha yanaenda kwa mtu wa Same.

Na kuna kile kishimo cha maji matupu tunachoweka makusudi bila DNA yoyote. Kile kikitoa mstari kwenye jeli, pale tunapoangalia kama kuna DNA iliyozidishwa, basi siku imeharibika, kuna uchafu umeingia mahali, labda kwenye pipeti labda kwenye maji labda kwenye glavu zako, unamwaga unaanza upya, na vitendanishi vyenyewe, yani zile dawa za maabara, vinaagizwa nje, vinakaa wiki kadhaa njiani na bado vikwame bandarini au uwanja wa ndege. Nimeona vijana wenye GPA za juu kabisa wanatetemeka mikono mbele ya ile sahani na sishangai hata kidogo, kwasababu chuoni kundi zima lilizunguka mashine moja, mmoja anapipeti wengine wanaandika. Wanajua nadharia yote, ukiwauliza wanakueleza vizuri kuliko mimi. Mkono ndo bado, na mkono haupatikani kwa kusoma.

Upande wa seli ndo usiseme. Seli hai unazifuga kwenye inkubeta, nyuzi 37, hewa ya ukaa asilimia 5, unazibadilishia chakula kila baada ya siku mbili tatu, na seli hazijui Jumapili wala Idi wala Krismasi ya kwenda Rombo. Kuna kijidudu kinaitwa maikoplazma kinaingia humo, kwa hadubini ya kawaida hukioni, seli zinaendelea kukua kama hakuna kitu, unakuja kushtuka majibu ya miezi hayaaminiki. Kuna tangi la naitrojeni ya kimiminika, nyuzi hasi 196, lazima mtu alichungulie lisikauke. Kuna friza za hasi 80 zenye sampuli za miaka mingi, na umeme ukikatika usiku na jenereta ikagoma kuwaka anayepigiwa simu sio profesa, ni yule mteknolojia, anaamka Pasua anatafuta bodaboda ya kumpandisha. Nani amewahi kuona hayo yameandikwa kwenye tangazo la kazi?

Tangazo la kawaida linasemaje? Linatupwa kwenye grupu la WhatsApp, limepigwa picha limekatika pembeni. Linataka degrii, mwenye mastaz atapewa kipaumbele. Eksipiriensi isiyopungua miaka 3. Awe na uwezo wa kufanya kazi kwenye presha, awe mchapakazi, awe anajua kompyuta. Mshahara wa kuvutia kwa makubaliano. Tuma sivii kabla ya Ijumaa, na leo ni Jumatano. Basi. Mtu yuko Makambako huko au Bariadi amepata hilo tangazo, atajuaje kama hiyo kazi ni ya miezi sita au miaka minne, atajuaje kama mshahara utatosha kupanga chumba Moshi au itabidi alale kwa shangazi? Anaomba hivo hivo, anaitwa kwenye intavyuu, anapanda basi usiku kucha, anafika anaambiwa mkataba ni wa miezi mitatu ya majaribio na kuendelea kutategemea mfadhili.

Hilo neno la makubaliano mimi ndo linaniuma kuliko yote, na naomba wasomaji wasiokuwa wa fani hii wanielewe vizuri hapa. Mtafiti mkuu akiomba fedha kwa mfadhili anaandika bajeti, na kwenye bajeti kuna sehemu ya watu. Anaandika mteknolojia mmoja, miezi kadhaa kwa mwaka, kiasi fulani. Mfadhili anasoma, anauliza maswali, anapitisha. Maana yake siku tangazo linatoka ile namba ya mshahara ilishaandikwa na ikapitishwa zamani. Inajulikana. Sasa makubaliano yanatoka wapi? Anayekubaliana ni yule kijana aliyekaa miaka miwili nyumbani, ukimuuliza unataka shilingi ngapi atataja namba ndogo kwa woga, na atapewa hiyo hiyo aliyotaja. Siwezi kusema kila maabara inafanya hivo, kuna watafiti waungwana sana huku kwetu, wengine wamenilea mimi, ila mlango upo wazi kwa asiyekuwa muungwana na sioni kwanini tuuache wazi.

Kwa wenzetu wamefika mbali kwenye hili. Kule Marekani jimbo la Colorado tangu 2021 na California tangu 2023 sheria inataka tangazo la kazi lionyeshe mshahara unaanzia wapi unaishia wapi, kwahiyo ukiingia kwenye tovuti ya chuo kikuu cha huko unakuta nafasi ya msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya seli na namba imekaa pale, huhitaji kumjua mtu. Hata wale waliomaliza PhD wanaoendelea na utafiti kwa posho za NIH, hii taasisi ya serikali yao ya utafiti wa afya, viwango vyao vinachapishwa kila mwaka dunia nzima inasoma, mwaka 2024 anayeanza kabisa alikuwa anapata dola 61,008 kwa mwaka. Silinganishi hela, maisha ya kule na ya hapa ni tofauti. Ninachosema ni kwamba fedha nyingi zinazoendesha maabara za huku zinatoka kwa wafadhili hao hao waliozoea kuweka namba hadharani, kwahiyo likifika Kilimanjaro likawa siri, hiyo siri tumeiweka sisi wenyewe.

Nirudi kwenye eksipiriensi ya miaka 3. Kijana aliyemaliza mwaka huu ataitoa wapi? Jibu ambalo kila mtu analijua ni kujitolea. Na hapa nitaelezea kitu nilichokishuhudia, sitataja jina la maabara mana nia yangu sio kumchafua mtu. Alikuja binti mmoja kutoka Rombo, amemaliza degrii, baba mkulima wa ndizi na kahawa, anaishi kwa shangazi yake Majengo. Akapokelewa kama mtu wa kujitolea, nauli tu, na nauli yenyewe mwezi mwingine inachelewa. Yule binti alikuwa na mkono, kuna watu wanazaliwa na mkono wa maabara, pipeti ikitulia vidoleni unajua tu. Baada ya muda mfupi uchenjuaji wote wa DNA, yani kuitoa kwenye damu na kuisafisha, ulikuwa unafanywa na yeye, hata mastaz walioajiriwa walikuwa wanampa sampuli zao. Ikapita zaidi ya mwaka. Asubuhi ananikuta, "Shikamoo dada," naitikia marahaba, namuona viatu ni vile vile. Siku moja nikamuuliza, mdogo wangu kwanini usipumzike ukatafute hata kazi ya duka mjini upate chochote. Akaniambia, "Dada nikiacha kuja mkono utasahau, na nafasi ikitoka wataniambia kwani si uliondoka."

Nafasi ikaja kutoka kweli. Haikutangazwa. Tulikuja kumuona mtu mpya Jumatatu, ana mastaz, mtu mzuri tu sina ubaya naye, na aliyepewa kazi ya kumfundisha kuchenjua ni yule yule binti. Alimfundisha vizuri mpaka mwisho afu akaondoka zake. Sa hivi anauza vipodozi, na kila nikimkumbuka naona kabisa hasara ambayo nchi imepata, mana mkono ule ungekuwa umeshafundisha wengine.

Na kuna jambo lingine kwenye hili la kujitolea ambalo ni la hatari na watu hawaliongelei. Mtu wa kujitolea anashika damu ile ile tunayoshika sisi. Kabla hajashika anatakiwa awe amechanjwa homa ya ini B, sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Akijichoma au damu ikimrukia machoni anatakiwa awahi dawa za kukinga VVU ndani ya saa 72, na akiwahi ndani ya saa chache ndo bora zaidi. Sasa mwajiriwa anachangiwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, akiumia kazini kuna pa kuanzia. Huyu wa kujitolea hayupo kwenye orodha ya mishahara, hachangiwi popote, bima hana. Nimemshuhudia kijana amejichoma, anaosha kidole kwenye bomba huku anatuomba tusimwambie bosi, anaogopa ataambiwa asirudi. Kidole kinatoka damu na anachoogopa ni kukosa nafasi ambayo hata hajapewa! Tulimlazimisha aende akaanza dawa siku hiyo hiyo. Lakini jamani.

Sipingi mtu kujifunza. Kazi hii lazima mtu afundishwe na anayeweza, hakuna njia nyingine, mimi mwenyewe nilisimama nyuma ya mtu kwa muda mrefu. Ninachotaka kujifunza kuwe na mwisho unaojulikana. Miezi mitatu, au sita, imeandikwa kwenye karatasi, atafundishwa hiki na hiki, atachanjwa, atapewa nauli na chakula, mwisho wake apewe barua inayosema anaweza kufanya nini peke yake: kuchenjua DNA, kuendesha PCR, kusoma jeli, kufuga seli, kutunza daftari la maabara. Hiyo barua iwe na nguvu ya eksipiriensi anapoomba kazi popote nchini. Na pale mtu anapoanza kufanya kazi ambayo bila yeye mradi unasimama, basi huyo siyo mwanafunzi tena, alipwe.

Kuna wakubwa watasema miradi haina uhakika, tutamuahidi vipi mtu. Ni kweli haina uhakika, na mwaka 2025 tumeonja wenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia alitangaza ugonjwa wa Marburg Kagera, na siku hiyo hiyo kule Washington ikasainiwa amri ya kusimamisha misaada ya nje. Watu waliokuwa kazini Ijumaa wakaja kuambiwa kwa imeili kwamba wasimame. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo NIH nayo ikatangaza kusimamisha ule utaratibu wa zamani wa chuo cha Marekani kupokea fedha na kugawa fungu kwa washirika wa nje, na kwa mtu wa Moshi hiyo sio habari ya mbali, maabara nyingi za kanda hii zimekua kwa ushirikiano wa namna hiyo. Nimeona watu wenye watoto shule wanakusanya vitu vyao kwenye boksi.

Ila ndo sababu hasa ya kuandika ukweli kwenye tangazo. Hata ule ufadhili mkubwa wa NIH ambao watafiti wanaugombania kwa kawaida hauvuki miaka 5 bila kuombwa upya, na miradi mingi ni ya miaka mitatu. Mtafiti mkuu anajua fedha zinaisha mwezi gani. Kwanini huyo anayeacha kazi yake ya ualimu Babati kuja Moshi asijue? Andika tu: fedha za mradi zinaisha Juni mwaka fulani, umebaki mwaka mmoja na nusu, baada ya hapo hatuna ahadi. Mtu mzima atapima mwenyewe. Kuna atakayekuja kwa mwaka mmoja na nusu kwa moyo wote kwasababu anataka kujifunza kufuga seli, na kuna atakayesema hapana ana mama anamtegemea, wote wawili wako sahihi.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na ninachosema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, kwahiyo hakuna anayelazimishwa kuajiri maisha. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali, saa za kazi, malipo. Kama hayo yote lazima yaandikwe siku ya kuanza, kuyaweka wiki tatu nyuma kwenye tangazo kunamgharimu nani? Na huyo kijana akishalipwa kuna NSSF, kuna kodi, na kama alisoma kwa mkopo Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwahiyo akiona namba kwenye tangazo anapiga hesabu yake nyumbani kabla hajapoteza nauli.

Kuhusu konekshen sitaongea sana, kila mtu anajua. Nitasema tu kwamba kwenye maabara upendeleo unaumbuka haraka kuliko ofisi nyingine, ule mstari kwenye kishimo cha maji haujui wewe ni mtoto wa nani. Ndo mana nashauri intavyuu za kazi hizi zisiwe za kukaa mezani na kuulizwa tuambie kuhusu wewe. Mpe mtu pipeti, mpe maji yenye rangi na sahani, mwambie apime mikrolita 5 kwenye vishimo 12, afu apime tena. Mezani weka mizani ya kuhakiki kama alichopima kiko sawa kila mara. Nusu saa inatosha kujua. Nimewahi kuona ikifanyika hivo na aliyeshinda alikuwa mtu ambaye kwenye karatasi alikuwa wa mwisho, diploma, na mpaka leo ni tegemeo la ile maabara.

Vyuo vyenyewe navyo viangalie zile nafasi za kudumu. Ukanda huu tuna bahati, hospitali ya KCMC ipo tangu 1971 na utafiti umeota mizizi, chuo cha Nelson Mandela kipo pale Tengeru na watu wa mastaz na PhD kutoka nchi mbalimbali, Arusha kuna maabara za mifugo na za mimea. Mahitaji ya watu wa vinasaba yapo, nani alisoma zile sampuli za Marburg kama sio watu wa PCR? Kwenye vyuo vya serikali nafasi zinapita Ajira Portal, na pale angalau unaona sifa na ngazi ya mshahara, ila nafasi za wateknolojia wa utafiti ni chache mno ukilinganisha na za wahadhiri. Matokeo yake mashine inanunuliwa kwa mamilioni, mradi unaisha, aliyekuwa anaijua anaondoka, mashine inafunikwa kitambaa. Anakuja mwingine na mradi mpya anaagiza mashine nyingine. Mtu mmoja wa kudumu kila maabara, anayelipwa na chuo chenyewe kutoka kwenye yale makato ambayo vyuo vinachukua kwenye kila mradi kama gharama za uendeshaji, angeokoa hela nyingi kuliko mshahara wake. Wahasibu wa vyuo wapige hiyo hesabu, sio ngumu. Na COSTECH wanaotoa vibali vya utafiti wangeweza kuongeza swali moja tu kwenye fomu, mradi huu unaajiri Watanzania wangapi maabara na kwa mkataba wa muda gani.

Kwa vijana wanaosoma hapa niseme moja. Ukiitwa intavyuu uliza mradi unaisha lini, uliza nani atakuchanja, uliza jina lako litaandikwa kwenye daftari la maabara na kwenye shukrani za chapisho au la. Usione aibu. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo amekusaidia kujua mapema.

Na msomaji mwenzangu uliyesema wanachagua kazi, nakuomba kwa heshima upite maabara yoyote ya utafiti Jumapili mchana uone ni nani anabadilisha chakula cha seli. Mara nyingi utakuta ni kijana asiyelipwa.

Mwisho Ndugu Mhariri ombi langu ni kwako wewe. Gazeti lako linapokea matangazo ya nafasi za kazi na vyuo vinaleta. Naomba dawati lenu la matangazo lianze kuwauliza wanaoleta maswali mawili, mshahara ni kuanzia kiasi gani, na mkataba unaisha mwezi gani mwaka gani. Wakijibu chapeni. Wakikataa kujibu chapeni pia, ila chini ya tangazo muandike kwamba waliulizwa na hawakujibu.

Mteknolojia wa maabara,
Longuo, Moshi